Kulala Kifudifudi Mbele ya Baba Mkwe

Nianze na tangi la maji, kwa sababu bila tangi lile nisingeshika bunduki maishani mwangu.

Lilikuwa la mzee mmoja wa Kimarekani mwenye shamba nje ya Louisville. Kwake tulikodi malisho, sisi familia saba za Banyamulenge: mbili za Louisville, tatu za hapa Columbus, mbili za Buffalo. Tulikuwa na ng'ombe watano. Usicheke. Mtu aliyezaliwa kwenye milima ya Kivu Kusini na kulelewa kwa maziwa, kisha akaja kupanga maboksi ghalani Ohio, akisikia kwamba mahali fulani kuna ng'ombe na yeye ana haki hata ya kwato moja, analala usingizi mzuri. Baba mkwe wangu, mzee Rutebuka, anakaa East Side ya Buffalo, mwendo wa siku nzima kwa gari kutoka kwa ng'ombe hao, na kila jioni alitaka kwanza picha zao kwenye simu ndipo chakula kiombewe. Picha ikichelewa, ugali ulipoa.

Mwaka huo wa 2015, mwezi wa tisa, walizaliwa ndama watatu. Koyoti wakala wawili. Koyoti ni mbwa wa porini wa huku, mwembamba, mwoga wa watu, lakini kwa ndama wa siku mbili yeye ni simba. Gasore, binamu wa mume wangu, ndiye anayeishi karibu na shamba. Akaazima bunduki ya jirani, akamvizia koyoti asubuhi na mapema, akalenga, akafyatua, akatoboa tangi la maji la mwenye shamba. Gasore mwenyewe alitusimulia kwamba koyoti aligeuka, akamtazama, kisha akaenda zake bila haraka.

Mwenye shamba hakutukana. Alisema mambo mawili tu. La kwanza, hakuna mtu atakayefyatua risasi tena shambani kwake mpaka amwonyeshe beji ya mafunzo ya shabaha, yale ya Jumamosi na Jumapili yanayofanyika kwenye uwanja wa jirani kwa watu wasiojua kitu. La pili, yeye ni mzee, hana miguu ya kufukuza koyoti, na hataki wazoee kula kwake. Alikuwa ameshaita lori la mnada lije Jumanne. Kama Jumapili jioni hajaona beji hata moja mkononi mwa mmoja wetu, ng'ombe wote watano na yule ndama aliyebaki wapande lori.

Kwa hiyo familia saba zikakaa kwenye simu, kila mtu akisema kwa zamu na wengine bila zamu, zikachagua wanaume watatu. Mzee Rutebuka, kwa sababu aliwahi kulinda ng'ombe dhidi ya fisi na chui. Mume wangu Nshuti, kwa sababu ana gari. Gasore, kwa sababu ya aibu. Mimi nilichaguliwa pia: kupika. Mzee akapanda basi kutoka Buffalo mpaka kwetu, nikamwacha binti yangu Isaro kwa jirani yetu Ruta, tukaondoka Whitehall, mtaa wetu hapa Columbus, Ijumaa mchana, wanaume mbele, mimi nyuma na sufuria la maharage miguuni.

Jumamosi saa mbili asubuhi tulikuwa uwanjani. Gasore hayupo. Akapiga simu: kiwandani wamemwekea kazi ya lazima, asipokwenda anafukuzwa. Nafasi yake ilikuwa imeshalipiwa. Nshuti alisimama pale na karatasi tatu mkononi, akitazama chini, na mimi ninamjua mume wangu, akianza kutazama chini atakaa hivyo mpaka jioni.

Hapo ndipo alipokuja Edah. Walimu wote pale walivaa kofia nyekundu, na yeye alikuwa mwanamke peke yake kati yao na Mwafrika peke yake. Alisikia Kiswahili chetu akaja mbio. Mkenya wa Kisii, alikuja Louisville kusomea uuguzi, akapata kazi hospitali, na shabaha ndiyo burudani yake ya wikendi kama vile wengine wanavyopenda kupiga soga.

"Watu watatu wamelipa, wawili ndio wako? Na huyu mama?" akauliza.

"Ule amekuja kupika," Nshuti akasema.

"Kwani kupika kunaharibu macho? Mama, ingia. It's already paid for."

Nshuti akamtazama baba yake. Mzee akasema kwa Kiswahili chetu cha Kongo, chenye Kifaransa ndani, "Bon. Acha Mama Isaro aingie. Kuacha kitu bamekwisha kulipa iko zambi." Aliyasema hayo kama mtu anayemwambia mkwe wake aketi kwenye kiti kilichobaki kanisani, ili tu kisikae wazi.

Nisidanganye, niliposhika bunduki waliyoniazima pale niliogopa. Risasi mimi nilizijua kwa masikio tu, na masikio yangu hayakuwa na habari njema za kunipa. Ilikuwa bunduki ndogo, ya risasi ndogo kama punje ya mahindi, na Edah akanivika vifunika masikio, akanionyesha mahali pa kuweka shavu, akaniambia kidole kikae nje mpaka niambiwe. Nikapiga ya kwanza nimefumba macho yote mawili. Ya pili nikafumba moja. Kwa ile ya kumi nilikuwa nimekasirika, kwa sababu karatasi ilikuwa hatua ishirini na tano tu na mimi nikiwa msichana nilimpiga kunguru kwa jiwe mbali kuliko pale. Hasira ilinisaidia kusahau woga.

Kisha mkuu wa mafunzo, Mmarekani mwenye masharubu mapana, akapiga kelele, na mstari mzima wa watu thelathini ukalala kifudifudi kwenye mikeka.

Mimi nikabaki nimekaa.

Mtihani wao ulikuwa hivi: risasi arobaini, kila moja isiyozidi alama tano. Kumi umesimama, kumi umekaa, ishirini umelala, na zile kumi za mwisho za kulala zinahesabiwa mara mbili. Jumla ni alama mia mbili na hamsini, na beji inaanzia mia mbili na kumi. Kama hutaki kulala unaruhusiwa kupiga ukiwa umekaa, hakuna atakayekukataza, ila mwili unayumba na risasi inakwenda inakotaka. Kulala ndiko kulikobeba mtihani. Na upande wangu wa kushoto, mkeka kwa mkeka, alikuwa amelala baba mkwe wangu.

Asiyejua maana haambiwi maana, lakini nitakuambia. Kwetu mke wa mtu hali chakula mbele ya baba mkwe. Hapiti mbele yake akiwa wima kama bendera. Anakaa upande, anafunika miguu, anaongea kwa sauti ya chini. Kulala chini mbele yake, tena kwa tumbo, miguu umeipanua kama walivyotaka walimu wale, ni jambo ambalo hata mlevi haliwazi. Nilikuwa nimefunga kitenge juu ya suruali, lakini hata ningefunga vitenge sita isingesaidia.

Edah akaja. "Mama, lala chini."

"Siwezi, dada."

"Uko na mimba?"

"Hapana."

"Ni mgongo?"

"Haiko mugongo."

"Sasa ni nini? Watu wote wamelala, wewe umekaa hapo kama unauza nyanya!"

Nikapiga risasi zangu zote nimekaa. Karatasi yangu ilipohesabiwa nilikuwa na alama mia moja na tatu. Nshuti alinitazama kwa huruma, jambo lililoniudhi kuliko alama zenyewe, maana yeye alikuwa amelala raha mustarehe na alikuwa amepata mia na kumi.

Wakati wa kunywa maji nikamvuta Edah kando, nikamwonyesha mzee kwa macho. "Ule mzee iko baba ya bwana yangu."

Edah akashika mdomo. "Woi! Na umekaa kando yake tangu asubuhi? Si ungeniambia! Kwetu Kisii hiyo ni chinsoni, aibu ya mkwe. Mimi baba ya mzee wangu akiingia hata kwa jikoni, natoka na mlango ya nyuma. Ngoja hapa."

Alikwenda kumweleza mkuu kwa Kiingereza kirefu. Mkuu aliuliza swali, akajibiwa, akauliza tena lile lile. Mwishoni akainua mikono, na mimi nikahamishwa mpaka mwisho wa mstari, nafasi ya ishirini na tisa. Mzee alibaki nafasi ya tatu. Katikati yetu kulikuwa na watu wengi, baadhi yao wakiwa na matumbo ya kutosha kumficha mkwe yeyote. Mzee hakuuliza kwa nini nimehama. Alijua, na Nshuti alijua.

Basi nikalala. Nilisikia ubaridi wa ardhi ukipenya mkeka, nikaweka shavu, na bunduki ikatulia yenyewe. Sikuamini. Jambo lililonishinda asubuhi nzima lilikuwa rahisi namna hii!

"Usivute haraka," Edah alinong'ona akiwa amechuchumaa kando yangu. "Kamua polepole, kama unakamua ng'ombe."

"Kwetu mwanamke hakamue ng'ombe."

"Ehe? Na mnafanya nini na hizo ng'ombe zenu?"

"Tunasukasuka maziwa."

"Haya. Nionyeshe vile mnasukasuka."

Nikamwonyesha, nimelala vilevile, mikono ikiyumbisha kibuyu ambacho hakikuwepo. Unakisukuma unatoa pumzi, unakivuta unaingiza, na kati ya kwenda na kurudi kuna mahali padogo ambapo kibuyu hakiendi wala hakirudi, na wewe hupumui. Edah alitazama mikono yangu kwa makini. "Hapo," akasema. "Hapo katikati ndipo upige."

Nikapiga hapo. Jumamosi hiyo niliondoka na alama mia na themanini na mbili, bega likiwaka moto. Jioni kwa Gasore nilipakua maharage, wanaume wakala sebuleni, mimi jikoni, na kupitia mlango nilimsikia mzee akimwuliza Nshuti, "Mama Isaro amepiga ngapi?" Nshuti akamwambia. Mzee akaomba aongezewe chumvi.

Jumapili tuliimba mapambio mawili ndani ya gari, mzee akaomba, akamweleza Mungu kuhusu ng'ombe kila mmoja kwa jina lake na rangi yake, tukaingia uwanjani. Siku hiyo ilikuwa ya mitihani tu. Unapiga, unahesabiwa, unakunywa maji, unapiga tena, mara nyingi kadiri muda unavyoruhusu. Kila mtu aliyefaulu, wenzake walimpigia makofi, akabandikwa beji na akaenda kwao. Sisi tulipiga makofi mpaka tukachoka.

Mzee alikuwa mpigaji mzuri. Akisimama, hakuna aliyemzidi pale, hata walimu walikuja kumtazama. Lakini jicho lake la kulia lilikuwa na ukungu, na risasi za mwisho zilipohitaji jicho, lilimwangusha. Mia na tisini na nane. Mia mbili na tatu. Mia mbili na moja. Mimi kwenye mwisho wangu wa mstari nilipanda kama maji kwenye pipa: mia na tisini na moja, mia mbili, mia mbili na nane. Alama mbili! Niliitazama karatasi ile nikataka kuila. Kuhusu Nshuti sitasema mengi, ni baba wa mtoto wangu.

Saa kumi mwenye shamba akaja. Aliegesha gari lake la mizigo nyuma ya uwanja, akakaa kwenye ukingo wake wa nyuma, mikono amekunja. Hakuwa na uso mbaya. Alikuwa tu mtu aliyekuja kupata jibu.

Watu walikuwa wameondoka karibu wote. Mkuu akatazama jua, akasema kuna nafasi ya mtihani mmoja, wa mwisho. Na kwa kuwa tumebaki sita tu, akaufunga mstari kushoto na kulia: watu sita, nafasi sita za katikati, mfululizo, ili yeye na Edah na mwalimu mwingine watuone wote. Edah akaenda kumbembeleza. Nilimwona akionyesha kwangu, kwa mzee, kwangu tena. Mkuu akatikisa kichwa. Mambo ya usalama hayana mkwe.

Nikapewa nafasi ya tano. Mzee ya tatu. Kati yetu mtu mmoja, na huyo mmoja alikuwa Nshuti.

Hapo maji yalinifika shingoni. Nilitandika mkeka wangu, nikapiga magoti juu yake, nikajua nitakaa. Ningefanya nini? Nilitamani mzee aondoke. Nilitamani na nikaona aibu kutamani, maana yeye naye alikuwa na alama mia mbili na tatu, na kama macho yake yangemwonea huruma mara moja tu, beji ingekuwa yake. Nani angemwambia mzee aliyechunga ng'ombe maisha yake yote aweke bunduki chini wakati ng'ombe wanaondoka? Si mimi. Nshuti aliinama kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa tayari. Nilimchukia kwa dakika hiyo, nakiri, kisha nikamhurumia, kwa sababu yeye alikuwa amewekwa katikati ya baba yake na mke wake na hakuwa na pa kutazama.

Mzee aliniona nikijipanga kukaa. Akamwita Edah.

"Mwalimu. Akipiga bila kulala, anaweza kupita?"

"Hawezi, mzee. Akiwa amekaa? Hata mimi na hii kofia siwezi."

"Na akilala?"

"Akilala," Edah akasema, "mimi naona beji kabisa."

Mzee akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Hakuondoka. Alisimama kwenye mkeka wake, akavua kofia, akapangusa nyasi magotini, akaanza kusema kwa Kiswahili, si kwa lugha yetu ya nyumbani, na kwa sauti ya mtu anayesema mbele ya mkutano.

"Mama Isaro. Sikia. Mu hii ng'ombe, mbili iko yangu: Bihogo na Gaju. Leo, Gaju nakupatia. Yeye na mutoto yake. Nshuti, uko shahidi. Na wewe, mwalimu wa Kisii, uko shahidi. Na ule muzungu pale kwa gari, ata kama hasikie, anaona, naye iko shahidi."

Kwetu, mkwe hafunguliwi kwa maneno. Anafunguliwa kwa ng'ombe. Baba mkwe akishampa mke wa mwanawe ng'ombe mbele ya mashahidi, mwiko umekwisha: anaweza kukaa mbele yake, kula mbele yake, kucheka mbele yake. Hufanyika mapema baada ya harusi, kwa watu wenye ng'ombe. Sisi tulioana ukimbizini Bujumbura, siku ambayo mzee hakuwa na ng'ombe wala kamba ya kumfungia. Miaka kumi na moja nilikuwa nimefungwa, na nilikwishaacha kungoja. Sasa ananipa Gaju, ambaye keshokutwa anapanda lori! Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, nilitaka kumwuliza kama anajua anachofanya. Alijua. Kama nilimtaka ng'ombe wangu, ilibidi nimtetee mwenyewe, na hapohapo.

Nikapiga makofi polepole kwa mikono miwili iliyokunjwa, kama tunavyoshukuru, nikainamisha kichwa.

"Bon," mzee akasema, akirudisha kofia. "Sasa ulale chini. Juu ya nini tuko nachelewesha watu?"

Mkuu wa mafunzo akauliza kwa mbali kama kuna tatizo. Edah akamjibu kwa Kiingereza kwamba hakuna tatizo lolote, mzee amempa mama ng'ombe. Mkuu akageuka kutazama maegesho, kushoto na kulia, akimtafuta huyo ng'ombe.

Tukaanza. Kumi za kusimama, nikaziona zikienda vizuri, si vizuri sana. Kumi za kukaa. Kisha sauti ya mkuu ikasema tulale, na mimi, Kanyana, mke wa Nshuti, nikalala kifudifudi mikeka miwili kutoka kwa baba mkwe wangu, mchana kweupe, mbele ya mashahidi.

Nilimsikia akikohoa. Nilimsikia akipakia risasi. Nikafunga kitenge vizuri, nikaweka shavu, na dunia yote ikawa karatasi moja. Nilitoa pumzi. Hapo katikati. Niliingiza pumzi. Hapo katikati. Niliacha kuhesabu. Nilikuwa namwona Gaju na ndama wake wamesimama kwenye majani, hawajui kitu, wanatafuna, na kila risasi niliyopiga ilikuwa inawasogeza mbali na lori hatua moja. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile nikiwa nafanya kazi yoyote, si ghalani, si jikoni, si hata kwaya.

Bunduki zikawekwa chini, tukaruhusiwa kwenda kwenye karatasi. Edah alikuja kwangu na kalamu. Mzee hakwenda kwenye karatasi yake. Alikuja kwenye yangu, akasimama upande wangu, bega karibu na bega.

"Kusimama, thelathini na nane," Edah akasoma. "Kukaa, arobaini na nne. Kulala ya kwanza, arobaini na saba." Akagusa matundu moja moja kwa ncha ya kalamu, na mzee akawa anayahesabu naye kwa midomo. "Ya mwisho, arobaini na tano. Mara mbili, tisini." Akaandika, akajumlisha, akajumlisha tena. Kisha akaitupa kalamu juu. "Two-nineteen! Mama, mia mbili na kumi na tisa!"

Sikuponea chupuchupu. Nilipita na alama tisa za ziada. Nilipiga kigelegele ambacho kilirudi kutoka kwenye miti, na mkuu mwenye masharubu akadhani nimeumia. Nshuti alinibeba. Ndiyo, alinibeba, mbele ya baba yake, nikamwambia anishushe na hakunishusha. Edah alikuwa anaruka na kofia mkononi. Mzee Rutebuka alikuwa na mia mbili na sita. Alipoambiwa hakujali, alikuwa bado anatazama karatasi yangu, akiingiza ncha ya kidole kwenye lile tundu kubwa la katikati ambapo risasi nyingi zilipitia.

"Iko sawa na jicho ya ng'ombe," akasema, na akacheka, na kwa mara ya kwanza nikacheka naye.

Mwenye shamba alishuka garini. Aliisoma karatasi, akaitazama beji iliyobandikwa kwenye sweta yangu, akatoa simu yake, akapiga mbele yetu sote. Maneno yake yalikuwa machache na hata mzee aliyaelewa: lori lisije. Akakata. Kisha akauliza ni nani sasa atakayelinda, kwa sababu anayeruhusiwa kufyatua shambani kwake ni mwenye beji, na koyoti hawatangoja.

Mzee, ambaye Kiingereza chake kinaishia kwa daktari na kituo cha basi, alininyooshea kofia. "She," akasema. "Cow, she."

Nikashtuka. "Baba, kesho asubuhi niko na kazi Whitehall. Na Isaro je?"

"Isaro, Nshuti atamuangalia. Gari iko yake." Alivaa kofia. "Ng'ombe hashindwi na nunduye. Ulipewa ng'ombe, donc, mambo ya ng'ombe iko yako mpaka Gasore apate beji mwezi ujao."

Nshuti akatazama chini. Edah alicheka mpaka akakaa kwenye mkeka.

Kwa hiyo nikasimama pale, beji kifuani, nikapiga simu ghalani kuomba ruhusa. Msimamizi wa zamu akaniuliza sababu. Mgonjwa? Hapana. Nimefiwa? Hapana. Mtoto? Mtoto yuko salama. Akasema sasa aandike nini kwenye fomu, kwa sababu lazima aandike kitu. Na mimi nikamwambia, kwa sauti ambayo mzee Rutebuka na mwanawe na mwenye shamba na yule mkuu wa masharubu wote waliisikia, aandike kwamba nina ng'ombe.